Mabati Manne Juu ya Mke Wangu

Redioni walikuwa wametuambia tutegemee mvua za wastani na upepo wa kiasi. Nawashukuru, tulilala vizuri. Kesho yake saa tisa mchana upepo huo wa kiasi ulipita Genkuru, ukafunua madarasa mawili ya shule, ukalaza migomba yote ya upande wetu, kisha ukachukua mabati ya nyumba yangu na kuyagawa kwa majirani bila kuuliza nani ana shida. Mvua ya wastani ikafuata nyuma, ikiwa na mawe.

Mimi nilikuwa jikoni. Jiko letu ni kibanda cha udongo na nyasi, kitu ambacho nilikionea aibu kila alipokuja mgeni. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nitakibomoa na kumjengea la kisasa. Siku hiyo kibanda hakikutikisika. Nyumba ya bati, niliyojisifia nayo miaka kumi na tisa, ilifunguka kama kopo la samaki, na mimi nikaitazama nikiwa pakavu chini ya nyasi. Ahadi ambazo sikuzitimiza zimenisaidia zaidi kuliko nilizotimiza. Sijui kama hilo ni jambo la kumwambia mtu.

Mke wangu wakati huo alikuwa na miezi miwili tangu tumzike. Kwetu mtu anazikwa nyumbani kwake, ndani ya boma, kwa hiyo yeye yupo hatua kumi kutoka mlangoni, upande wa kulia ukitoka. Kaburi lilikuwa bado tuta la udongo lenye mawe pembeni na msalaba wa mbao. Wazee wa ukoo walisema tusilijengee kwa saruji mpaka udongo ushikane, maana ukiharakisha linapasuka. Ushauri mzuri sana, ila hakuna aliyeuambia mlima. Maji ya mlimani siku zote hupita nyuma ya nyumba kwenye mfereji. Safari hii migomba iliyoanguka iliuziba mfereji, na maji yakakata shauri kupita uani. Yakalifuata tuta moja kwa moja na kuanza kulila kwa miguuni.

Nikatoka na jembe. Mbele yangu kulikuwa na nyumba isiyo na paa, yenye kitanda, magodoro na magunia mawili ya mahindi. Mtu mwenye akili angekimbilia mahindi. Mimi nilikwenda kwenye kaburi, nikachimba mfereji kulizunguka huku mawe ya mvua yakinigonga kichwani, na mahindi yakaloa.

Msinisifu. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe si nzuri.

Nyumba ile ilikuwa na bati moja linalovuja juu ya kitanda chetu, upande wake. Tundu la msumari, si kubwa kuliko punje ya mtama. Lilivuja miaka mitatu. Kila mvua ikinyesha alikuwa anasema, "Baba, bati." Nami namjibu, "Nikipata msumari." Misumari ilikuwa kwenye kopo, na kopo lilikuwa chini ya kitanda hichohicho. Mwishowe akanunua beseni la bluu, akaliweka juu ya godoro mahali penyewe, na yeye akawa analala amejikunja pembeni yake kama mgeni. Alipougua hadi akashindwa kuamka, beseni lilibaki palepale. Siku moja ndugu yake alimuuliza kama sauti ya matone haimsumbui. Akasema, "Hapana. Humu ndani hiyo ndiyo pekee inayofanya kazi bila kutumwa."

Basi mnaelewa kwa nini sikwenda kwenye mahindi.

Asubuhi watu walitoka kutafuta mabati. Ilikuwa kama mnada. Kila mmoja alikuwa akipita kwenye mashamba ya mwenzake, akigeuza bati na kusema hili langu, naijua kutu yake. Mwanangu aliyeko Mugumu akapiga simu, akasema daraja limefunikwa na maji na kule Ikoma watu wametolewa majumbani kwa mitumbwi, kwa hiyo nisimsubiri. Nikamwambia nipo salama. Hilo lilikuwa kweli, maana mimi sikuwa nyumba.

Nilipata mabati saba kati ya ishirini. Matatu nikafunikia mahindi. Manne nikayapeleka kwenye kaburi. Nikasimamisha vigingi vifupi, nikalaza fito mbili, nikapanga mabati juu yake na kuyagandamiza kwa mawe. Wingu lilikuwa bado jeusi upande wa ziwa, na udongo wa tuta ulikuwa umelegea kama uji. Mvua moja zaidi ingelifikia sanduku.

Jirani yangu alikuja akasimama. Ni rika langu, tumetahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo ana kibali cha kunitukana.

"Mura," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa huku, "umeezeka."

"Nimeezeka."

"Nyumba haina bati, kaburi lina bati. Watu wakipita hapa watasema nini?"

"Watasema shikamoo."

Akacheka, kisha akachuchumaa. "Sikiliza. Gari la wilaya linakuja kesho kuandika walioathirika. Yangu imeezuliwa mabati matatu tu. Unajua mabati matatu ni nini? Si kitu. Wataandika 'imeguswa.' Wa kuguswa hapewi."

Ni lazima nieleze hapa. Sisi tunaishi karibu na mgodi wa dhahabu, na huku tuna kazi moja ambayo haifundishwi shuleni. Mtu akisikia wathamini watapita upande wake, anajenga kibanda kwa siku tatu na kupanda miche iliyobanana kama nywele, ili alipwe fidia. Tunaita kutegesha. Ni ugonjwa. Ukishatuingia, hata tukiona gari la chanjo ya ng'ombe mikono inatuwasha.

Jirani alirudi kwake, akapanda juu ya nyumba yake iliyokuwa karibu nzima, na mpaka jua linazama alikuwa anang'oa bati moja baada ya jingine. Aliyang'oa kwa ustadi sana. Dhoruba yenyewe haikufanya kazi safi namna ile. Akayaficha kwenye mtama na kuyafunika majani, lakini mtama ulikuwa umelala, kwa hiyo yaling'aa hadi barabarani.

Gari likaja. Alishuka afisa mmoja kijana mwenye viatu vya mpira na fomu zilizobanwa kwenye ubao, akiongozana na mwenyekiti wetu wa kitongoji. Kijana akaniamkia vizuri, "Shikamoo, mzee," nami nikaitikia marahaba. Kisha akaona mabati uani.

"Chini ya hayo kuna nini?"

"Mke wangu."

Akanitazama. "Kaburi?"

"La miezi miwili."

"Na kwa nini lina bati na nyumba haina?"

"Kwa sababu nilipata saba."

Akamgeukia mwenyekiti. "Huku kwenu nimeshaonyeshwa nyumba ambamo hajawahi kulala mtu. Nimeonyeshwa miti iliyopandwa jana ikaitwa ya babu. Sasa mmefika kwenye makaburi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Sikuwa nimejiandaa kuthibitisha kwamba mke wangu amekufa. Nilimwangalia mwenyekiti aseme neno. Mwenyekiti alikuwa akichunguza viatu vyake, kana kwamba vimeletwa kwake siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Aliyesema ni jirani. Alikuwa amesimama nje ya uzio akisubiri zamu yake, kwa uso wa mtu aliyepoteza kila kitu.

"Bwana mkubwa, hilo shimo nimelichimba mimi. Mpini wa jembe langu ulivunjikia humo, upo kwangu, nenda ukauone. Na huyo mwenyekiti alikula hapa siku ya msiba. Sahani mbili."

"Moja na nusu," mwenyekiti akasema.

Kijana akashusha ubao wake. Kisha akasema, "Pole, mzee," na akasema kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Nilimsamehe palepale. Kwa yote aliyoonyeshwa huku kwetu, ningekuwa mimi ningefukua.

Akarudi kwenye fomu. "Mabati mangapi yamepotea?"

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Sema yote."

"Ishirini yaling'oka," nikasema. "Saba yamepatikana. Matatu yale pale juu ya mahindi, na manne haya."

"Mzee," mwenyekiti akasema, sasa kwa sauti, "ukiyarudisha nyumbani hayo manne leo, utaandikwa. Yakibaki hapo, kwa utaratibu una vifaa na umekataa kuvitumia. Marehemu hanyeshewi."

"Ananyeshewa," nikasema.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, sijui kubishana na utaratibu. Nilikaa kwenye jiwe, kando ya mabati, na wakaelewa kwamba sitainuka. Kijana aliandika kitu, nami nikakisoma kichwa chini miguu juu: *Ana mabati, ameyatumia kwa shughuli nyingine.*

Shughuli nyingine. Miaka thelathini na moja ya ndoa.

Kwa jirani mambo yalikwenda vizuri sana. Kijana alitazama juu, akaona mbingu tupu kutoka ukuta hadi ukuta, akatikisa kichwa kwa huzuni na kuandika *imeezuliwa yote.* Jirani alinikonyeza kwa mbali. Kisha nikamsikia akiuliza msaada wenyewe ni wa lini.

"Ni maturubai," kijana akasema. "Barabara ikifunguka."

"Si mabati?"

"Nani alisema mabati?"

Gari likaondoka saa nane. Saa kumi mvua ikaja. Jirani hakuwahi kurudisha hata bati moja. Nilimwona akivuka uzio na godoro kichwani, mkewe nyuma yake na kuku wawili kwapani.

"Mura," akasema mlangoni pa jiko, "kuna nafasi?"

"Ipo. Ila ni nyasi."

"Acha maneno, sogea."

Tukakaa watatu na kuku. Mkewe hakumsemesha mumewe mvua nzima, na naamini hiyo ndiyo tathmini pekee ya haki iliyofanyika siku ile. Mimi nilikuwa nasikiliza mabati ya uani. Mvua iliyapiga kwa nguvu, lakini hayakuinuka, na mfereji wangu ulikuwa unayapeleka maji pembeni. Nikaanza kujiona mtu. Nikafikiri, sasa, mama, umeezekewa. Nilifikiri hivyo kwa kiburi kabisa.

Mvua ilikatika jua likiwa bado lipo. Nilikwenda kuangalia. Tuta lilikuwa zima, halijaguswa miguuni wala ubavuni. Nikainua bati la mwisho, la kichwani, karibu na msalaba.

Chini yake kulikuwa na shimo. Dogo, la mviringo, limechimbwa sawasawa kama kwa kijiko, lingemeza kikombe cha chai. Lilikuwa na maji ndani. Wakati nalitazama, tone likaanguka kutoka kwenye bati na kuingia katikati yake.

Nilikuwa nimeyapanga mabati bila kuyakagua. Kati ya saba niliyoyapata nikachagua hilo, na kati ya pande zote za kaburi nikaliweka upande wa kichwa. Ukimpa mtu kazi hiyo aifanye makusudi, atakosea.

Jirani alikuja nyuma yangu, akaona, akaanza kucheka. Alikuwa anaijua hadithi ya beseni, kijiji kizima kilikuwa kinaijua. Kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Msumari unao?" akauliza.

Nikaingia ndani ya nyumba. Kopo lilikuwa chini ya kitanda, mahali pake, limejaa. Nilitoa msumari mmoja. Nikavua ndala yangu ya kushoto, nikakata kipande cha mpira mviringo, nikakipitisha msumari. Jirani alilishika bati, mimi nikaupigilia msumari kwenye lile tundu na kuupinda kwa chini. Ilichukua dakika kumi, na tano kati ya hizo nilikuwa natafuta nyundo. Nikafukia lile shimo kwa mkono, nikalipapasa likawa sawa, tukarudisha bati na mawe yake.

Beseni la bluu lilikuwa bado juu ya kitanda, limejaa hadi kufurika, kwa kuwa sasa mbingu nzima ilikuwa inavujia humo. Nikalibeba nje. Nikachota maji kwa kikombe, nikayamwaga juu ya msumari, polepole. Jirani alilala kifudifudi kwenye tope akachungulia chini ya bati.

"Vipi?"

"Pakavu."

"Angalia vizuri."

"Pakavu, mura. Nimesema pakavu."

Nikachota tena.