Springi za Korosho

Kornelia alishika funguo za stoo ya misheni pale Nachingwea kwa miaka kumi na moja, na watu walimjua kwa ulimi wake. Ukienda kuazima koleo, kwanza alikuuliza la mwaka jana umelirudisha lini. Hakuna aliyewahi kumwona anaogopa kitu mpaka mvua za Elnino, mwanzoni mwa tisini na nane, mto Mbwemkuru ulipofurika na njia zote za kuvuka zikafungika.

Binti yake wa pekee, Josephina, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto huo. Mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Mkunga aliyempapasa tumbo alituma maneno kwamba mtoto amekaa vibaya, mama avushwe upesi apelekwe hospitali.

Misheni walikuwa na boti ya bati, nyepesi, yenye mashine ndogo nyuma, waliyopewa kwa ajili ya mafuriko. Ilisafirishwa juu ya tela la magurudumu mawili, likivutwa na Landrova. Safari ya kwanza springi moja ya tela ilikatika hata Ruangwa hawajafika, boti ikarudishwa. Siku hiyo Padri alikuwa amekwama Masasi, na Fidelis, dereva, akasema kazi yake yeye ni usukani. Basi Kornelia akaitia springi mbovu kwenye gunia, akajitwika, akaenda nayo gereji kwa fundi Mikidadi.

Springi zenyewe ni vyuma bapa vilivyopinda, vimelaliana, kirefu juu na kifupi chini, na mafundi wanaviita majani. Ile iliyokatika ilikuwa ya majani manne. Mikidadi alikuwa na jozi mbili za urefu uleule. Moja ilikuwa ya majani manne, imetoka kwenye pikapu kuukuu. Nyingine ilikuwa ya majani saba, manene, imefunguliwa kwenye tela la trekta.

Mikidadi hakuona cha kufikiri. "Mama Josephina, ya manne imekukatikia, unataka tena ya manne? Hii ya saba imebeba korosho za Mbekenyera misimu sita, haijaguna."

Wote waliokuwa wamejikinga mvua pale gereji wakamwunga mkono. Huku kwetu springi inapimwa kwa magunia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza boti ni sawa na magunia mangapi.

Kornelia alisimama juu ya ile ya manne, akaiona inabonyea chini ya miguu yake. Mawazoni akaliona tela limelala njiani, mto unapanda, na mwanawe anasukuma mtoto asiyetoka. Akachukua za saba, kulia na kushoto.

Njiani tela halikubonyea hata kidogo. Liliruka. Kila shimo, boti ilinyanyuka na kamba zake, ikashuka kwa kishindo. Kornelia alikaa kageuza shingo. Alimwomba Fidelis apunguze mwendo, Fidelis akamjibu kwamba wakienda hivyo watamkuta mtoto anatembea. Siku nyingine angepata jibu lake. Siku hiyo Kornelia alirudisha macho kwenye boti.

Ruangwa walisimama kupoza injini. Mvua ilikuwa imejaza maji ndani ya boti, na Kornelia alipoinama chini ya tela aliyaona yanachuruzika kutoka kwenye mshono wa bati. Ufa ulikuwa mrefu kama shibiri. Maji ya ndani yakipata njia ya kutoka, ya nje yatakosaje ya kuingilia?

Fidelis alitaka wageuze. Kornelia aliziangalia zile springi, akaliangalia na tela, ndipo akili ikamjia.

"Springi za korosho zinataka korosho," alisema. "Hiki kibati hakiwezi kuzilaza. Toa majani matatu, huku na huku."

"Zikikatika je?"

"Zikikatika tutaita watu, boti tutaibeba kichwani. Ikipasuka yote utabeba nini, baba?"

Walikaa kwenye tope saa nzima na jeki na spana. Ufa wakaukandika sabuni ya mche na kipande cha khanga yake, kama madereva wanavyoziba tangi la mafuta. Kutoka hapo tela lilikwenda kwa kubembea, na boti ikatulia. Sasa kila mbonyeo ulimshtua Kornelia, akisikilizia mlio wa chuma kukatika. Haukuja. Wakafika.

Mto ulikuwa mwekundu, unapita na miti mizima. Kornelia hakujua kuogelea. Alipanda, akapiga magoti, akabandika kiganja juu ya ile sabuni. Fidelis akashika mashine, wakavuka. Josephina akapakiwa, kalazwa kwenye mkeka, midomo imemkauka. Wakati wa kurudi, katikati ya mto, Kornelia aliisikia sabuni inalainika chini ya kiganja, inateleza kati ya vidole, na maji ya baridi yanapanda. Akaongeza kiganja cha pili. Kisha akaukalia ule ufa.

"Inavuja?" Fidelis aliuliza, macho kwenye miti inayopita.

"Endesha."

Walipogusa ukingo maji yalikuwa yamefika kwenye mkeka. Boti na tela wakaviacha palepale, wakakimbiza gari hospitali. Josephina alipasuliwa usiku huohuo, akatoka mtoto wa kike, mzima.

Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Yale majani sita ya springi yako jikoni kwa Kornelia, ameyapanga mafigani anateleka sufuria juu yake. Mikidadi alikuja kuyaulizia mara moja, akajibiwa arudi kwanza na boti iliyopasuliwa na springi zake. Ulimi wake haujapungua. Ila mvua ikishika siku mbili, tatu mfululizo, Kornelia hafui nguo. Hata akiosha vyombo, sabuni ikianza kumlainikia mkononi, anaiweka chini, anamwita mjukuu wake kwa jina mpaka aitike.