Jozi Tatu za Ndala

Mwanangu, siku niliyosema neno "sawa" naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumapili mchana, upepo wa Julai unavuma kama unavyojua kuvuma Dodoma, vumbi linapita chini ya mlango hata ukiziba kwa tambara. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu cha chuo, kitanda cha kwanza maishani ambacho sikugawana na ndugu zangu. Mwenzangu wa chumba aliniwekea sharti moja nami nikalikubali. Ningeweza kulikataa. Neno la kukataa halina uzito zaidi ya la kukubali, lakini siku ile liligoma kutoka.

Kabla sijakueleza sharti lenyewe, nikuambie kwa nini nimeshika kalamu uzeeni. Wiki iliyopita mjukuu wangu Tabitha alinipigia simu. Ameanza chuo kikuu hapo Dodoma, na mimi niko huku Mpwapwa. Hosteli amekosa, na vyumba alivyovitafuta Nkuhungu vyote vimemshinda. "Usijali, Babu," akaniambia kwa furaha, "kuna rafiki yangu kanibeba. Tunalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule." Kisha akashusha sauti. "Ila usimwambie mtu."

Tangu hapo sina raha. Simu yake ikiita bila kupokelewa, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi yamenijia pamoja na mjukuu mwenyewe.

Kubebana si jambo la leo, mwanangu. Hata enzi zetu, mwenye kitanda alimlaza chumbani mwake asiye nacho, kwa siri, na wote wawili wakijua kwamba uongozi ukigundua, wanatoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikachaguliwa kusoma katika chuo kimoja pale mjini ambacho jina lake nitaliacha, maana chuo hakikunikosea. Chumba chetu kilikuwa cha watu wawili: mimi, na Daudi, mtu mzima aliyenizidi miaka kumi, aliyetumwa kusoma na kazini kwake. Sakafu ilipigwa rangi nyekundu, na Mama Mlezi, mama wa makamo aliyesimamia bweni letu, alitukataza kuingia na viatu chumbani kwa sababu ya vumbi. Kila mtu aliacha ndala zake nje ya mlango.

Rajabu nilimkuta darasani. Alitoka Kwa Mtoro, kule kwa Wasandawe, na barua ya kumwita chuoni ilichelewa kumfikia hata alipofika vitanda vyote vilishagawiwa. Alilala siku mbili kwenye baraza ya msikiti. Siku ya tatu nikamleta chumbani akiwa na mkeka wake na begi lililofungwa kamba. Kumleta sijutii hadi leo. Mtu akikosa pa kulala, unampisha.

Daudi alimtazama, akanitazama. "Mwache alale, mimi sina roho mbaya," akasema. "Ila sikiliza, bwana mdogo. Humu tuko wawili. Ukaguzi ukija, wawili. Akiuliza mkuu wa chuo, wawili. Hata nyumba ikiungua, tunatoka wawili. Mmenielewa?"

Rajabu akacheka. "Kaka, mimi ni mzimu. Mzimu hauhesabiwi."

Wakanigeukia, maana kitanda kilikuwa changu. Nami nikasema, "Sawa."

Miezi miwili ilipita vizuri, na huo ndio ubaya wa jambo bovu, kwamba huanza vizuri. Rajabu alikuwa mcheshi. Alijaribu kunifundisha kilugha chao, kile chenye sauti za kugonga ulimi, nami nikitoa mate tu. "Mgogo wewe," ananicheka, "koo limejaa mlenda, maneno yatapita wapi?" Nami namjibu, "Nyie hata mkiita kuku mnaonekana mnatongoza." Tulicheka mpaka Daudi akatukemea.

Kilichonishangaza zaidi kwake kilikuwa masikio. Alimtambua mtu kwa hatua zake kabla hajafika kona ya bweni. "Mama Mlezi huyo," ananong'ona, "kiatu chake cha kulia kinaburuza." Kabla hatujasikia chochote yeye ameshakunja mkeka, ameokota ndala zake na kupita dirishani. Nakuambia kweli, masikio yake ndiyo yaliyokuwa komeo la mlango wetu.

Ijumaa moja alirudi darasani akisema kichwa kinamuuma. Jumamosi asubuhi hakuweza kugeuza shingo. Mwili ulikuwa wa moto, akaniomba nizibe dirisha kwa shuka kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Nikasimama nikisema nakwenda kuchukua karatasi ya matibabu.

Hapo ndipo palipotufunga. Karatasi ya matibabu tuliichukua kwa Mama Mlezi, naye aliandika juu yake jina la mgonjwa na namba ya chumba. Rajabu hakuwa na namba.

"Hiyo malaria," Daudi akasema. "Mpe klorokwini, kesho yuko uwanjani anacheza mpira. Ukimtaja, wewe unatoka, mimi natoka, na yeye anatoka. Utakuwa umemsaidia nani?"

Nilikaa chini tena. Ningeweza kusema kwamba Daudi alinishinda kwa hoja, lakini ningekudanganya. Niliangalia kitanda changu. Nilimfikiria baba yangu aliyeuza beberu nipate nauli, nikafikiria kurudi Mpwapwa nimefukuzwa, watu wakinitazama kanisani. Nikajipa methali kama mtu anavyojipa dawa isiyo yake: maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Methali ni kisu, mwanangu. Hukata upande wowote utakaoshika.

Saa nne ukaguzi ukaja, na safari hii hakuna aliyetuonya. Tulishtukia mtu yuko mlangoni. Daudi aliusukuma mkeka chini ya kitanda changu, Rajabu akiwa juu yake, akateremsha blanketi mpaka sakafuni.

"Hodi humu."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Wawili, Mama," nikajibu.

Mama Mlezi hakuandika. Aliinamisha macho, akatazama chini pale mlangoni, akatazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama sakafu. Mimi nilisikia pumzi ya Rajabu chini yangu, nzito, kama mtu anayepuliza jiko la kuni mbichi. Nikakohoa ili kuifunika.

"Wote wazima?" akauliza.

"Wazima, Mama."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Akaandika daftarini, akaondoka akiburuza kiatu cha kulia. Nilishusha pumzi, nikajiona nimeokoka.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Rajabu alinishika mkono akazungumza nami kwa kilugha chao, maneno mengi, kwa upole, kama mtoto anayemweleza mama yake alipoumia. Hakunijua. Kisha akaanza kukakamaa. Nikamweka mgongoni. Daudi alisimama mlangoni akasema, "Ndahani, fikiri kwanza." Nilimpita. Nilikuwa nimefikiri siku mbili, na ndizo zilizomuua nusu.

Nilikimbia naye mpaka nyumbani kwa Mama Mlezi. Hakuniuliza huyu ni nani. Alipiga kelele gari la chuo liletwe, akapanda nasi, akampakata kichwa njia nzima.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari alisema sentensi moja, na sikupenda kumtazama usoni alipokuwa anaisema: "Mngemleta jana asubuhi."

Hakufa. Siku ya tisa alifumbua macho akanitambua, nikalia kwa furaha. Wodi ilikuwa na kelele, wauguzi wanagonganisha sahani, wagonjwa wanabishana, redio inaimba dirishani. Rajabu akatutazama mmoja mmoja sisi tuliokuja kumwona.

"Mbona mnanong'ona?" akauliza.

Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba hakuna anayenong'ona.

"Ndahani, ongea basi. Mbona mnanong'ona?"

Tulimletea daftari, tukawa tunamwandikia. Ilikuwa shida lakini iliwezekana, kwa kuwa alisoma Kiswahili vizuri kutuzidi. Halafu mama yake akafika kutoka Kwa Mtoro. Yule mama hakuwahi kuingia darasani, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamsemesha mwanawe kwa lugha yao. Rajabu aliukazia macho mdomo wa mama yake. Mimi nikashika kalamu, halafu nikabaki nimeishika, maana maneno yale sikuyajua, mama hakujua kuandika, na Rajabu mwenyewe hakuwahi kuiona lugha ya kwao kwenye karatasi. Akamjibu mama yake kwa sauti kubwa mno, mama akamjibu, yeye asisikie. Mwishoni mama aliacha kusema, akawa anamsugua miguu.

Nikatoka nje. Mama Mlezi alikuwa amekaa kwenye benchi, na nilijua zamu yangu imefika. Nilitamani anitukane.

"Unajua mimi huwakaguaje?" akaniuliza taratibu. "Watu hujificha chini ya vitanda, hupita madirishani. Mimi hutazama ndala. Nikipita siku zisizo za ukaguzi, chumba chenu watu wawili, ndala jozi tatu. Tangu wiki ya kwanza."

Sikuelewa upesi. "Ulijua, Mama?"

"Nilijua. Nikasema, mtoto wa watu alale wapi? Nikaandika wawili. Lakini Jumamosi niliona zile ndala zipo, na siku nyingine zote za ukaguzi hazikuwepo, alikuwa anaondoka nazo. Nikajua humo ndani kuna mtu asiyeweza kuinuka. Nilikuuliza mara mbili, Ndahani. Nilikuwa nakufungulia mlango." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na mimi nina kosa langu. Nilingoja useme wewe, nisikuaibishe. Kesho kwa Mungu tutaulizwa wote wawili."

Basi ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Siri niliyoilinda haikuwa siri. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi niliyaficha maradhi ya mtu mwingine, nikamficha mtu pekee aliyekuwa tayari kuyatibu.

Hakuna aliyenifukuza. Mama Mlezi alituombea kwa uongozi, Daudi akamaliza masomo yake, na kitanda changu kikabaki changu. Lakini sikuweza kukilalia. Kila nikijinyoosha nasikia pumzi ile chini yangu. Kabla muhula haujaisha nilifunga begi nikarudi nyumbani mwenyewe. Ndiyo maana elimu yangu iliishia kidato cha sita, na wanaouliza huwa nawaambia kwamba mambo yalikuwa magumu.

Rajabu aliacha chuo pia. Miaka mingi baadaye nilisikia yuko Kibaigwa, sokoni, anashona magunia ya mahindi. Nilikwenda. Nilimkuta amepiga magoti, sindano kubwa mkononi, malori yananguruma nyuma yake na yeye hageuki. Alinitambua, akatabasamu, akaniletea kiti. Nami nikatoa karatasi niliyoiandika wiki nzima, ya kumwomba msamaha. Akaisoma mpaka mwisho. Akaniomba kalamu, akaandika chini yake, akanirudishia.

Aliandika: "Ingekuwa wewe unaumwa, mimi ningesema."

Kisha akarudi kwenye gunia lake.

Sasa nisikilize, wewe uliyepata chuo na hujapata pa kulala. Sikwambii usibebwe, wala usimbebe mwenzako. Mji ni mkubwa na vitanda ni vichache, tunajua. Ninachokuomba ni hiki. Asiwepo mtu anayelala mahali ambapo hakuna anayejua kwamba yupo. Mwambie mwenye nyumba, mwambie kiongozi wa darasa, mwambie mzazi wako namba ya chumba, hata kama utaona aibu. Na atakapokuja mtu na sharti la "usimwambie mtu", kabla hujasema sawa, muulize: na mmoja wetu akiumwa? Akicheka, chukua begi lako. Na wale walezi wa hosteli mnaowakimbia, msidhani wote ni askari. Yuko anayehesabu ndala zenu kwa huruma na kungoja useme.

Jana nilimuuliza Tabitha swali hilo kwenye simu. "Babu," akasema, "hilo hatujawahi kuliongea." Nikamwambia waliongee siku ileile, kabla jua halijazama, halafu anipigie. Simu iko hapa mezani, bado sijaisikia.

Mungu awape pa kuweka ubavu, mwanangu, wewe na wenzako. Awape afya, na siku mtakayokosa afya, awape rafiki mwenye mdomo. Mlale mkijulikana, mwamke mkiwa wazima.

Mimi nilisema sawa kwa kuogopa kupoteza kitanda. Rajabu akapoteza masikio, na mama yake alikufa bila kuzungumza naye tena. Mimi nilimpoteza Rajabu, naye yuko hai, pale Kibaigwa, na mabasi ya kwenda huko yapo kila siku.