Mchuuzi Asiyenadi wa Kibokoni

Saa tatu za asubuhi, uchochoro wa Kibokoni umejaa sauti. Muuza samaki anainadi tafi yake. Mwenye mkokoteni wa mafuta ya taa anagonga debe. Nyuma yao anakuja mwanamke aliyejifunga leso mbili, kapu la ukili begani, mdomo ameufunga.

Anasimama penye mlango mmoja na kugonga mara mbili kwa kidole. "Hodi," anasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto asimwamshe mwenzake. Mlango unafunguka kiasi cha mkono kupita. Mfuko wa kaki unaingia, noti zinatoka, mlango unafungwa. Aliyekaa baraza ya pili atadhani ni bizari.

Mwanamke huyo ni Kadzo Menza, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, na mfukoni mle mna unga wa uji wa wajawazito. Ni mawele, wimbi, pojo, njugu na simsim, vyote amevipepeta kwa uteo wake na kuvikaanga mwenyewe chumbani kwake Makupa, kisha vikasagwa kwenye mashine ya Majengo.

"Mwenye samaki akinadi, anauza samaki," anasema Kadzo. "Mimi nikinadi mlangoni pa mtu nimelitangaza tumbo lake. Na mtaa huu mimba haitajwi. Hata ikionekana, watu wanajifanya hawaioni."

Somo hilo hakufundishwa na mtu. Lilimtoa machozi kwanza.

Mwaka 1992 Kadzo, mzaliwa wa Kaloleni, alikuwa ametoka kwenye kibarua cha kufagia kliniki moja ya akina mama. Huko alifanya kazi miaka minne, na kila asubuhi alimsikia Sista Auma, muuguzi wa kutoka Kisumu, akiwaambia wajawazito maneno yale yale kuhusu damu na chakula. Kibarua kilipokwisha, maneno yalikuwa yamemkaa. Akanunua mawele.

Wiki ya kwanza aliingia Kibokoni akinadi kwa kifua kizima, kama wanavyonadi gulioni kwao. "Unga wa wajawazito! Uji wa mama na mwana!" Jua likamchosha. Akatua kapu chini ya dirisha la kijani apumzike, na pale pale akanadi tena.

Hakujua aliyekuwa ndani. Alikuwamo Mwanakuu, mwari aliyeolewa miezi mitano nyuma, mwenye mimba ya miezi mitatu ambayo waliijua mumewe na mamake tu, Bi Mejumaa. Wanawake wa barazani wakainua vichwa kulitazama dirisha. Mmoja akacheka, "Kumbe!"

Siku kumi baadaye mimba ikatoka.

Bi Mejumaa hakumgombeza. Alimngoja penye kona, akamwambia taratibu, "Umeniletea macho ya watu mlangoni kwangu. Usipite tena hapa."

Kadzo alikwenda kliniki analia. Sista Auma akamkalisha kwenye benchi la wagonjwa. "Sauti haitoi mimba, Kadzo. Nani amekudanganya una nguvu hizo?" Kadzo akacheka huku kamasi zinamtoka. Lakini kunadi aliacha siku ile ile, na kwa miaka sita akawa akifika kwenye nyumba ile anazungukia nyuma, penye mifereji ya maji machafu.

Biashara yenyewe ilikwenda kwa kusuasua. Wiki nzima mifuko mitatu. Wanawake walikuwa na hoja zao. Mjamzito, walisema, ale kidogo ili mtoto awe mdogo, atoke bila taabu. "Wataka mtoto awe dume la ng'ombe nikapasuliwe?" mmoja alimwuliza. Mwingine alimwonyesha kipande cha udongo alichokuwa akitafuna. "Hiki chanitosha. Uji ni wa wagonjwa na wafungwa."

Kilichowageuza, Kadzo anakiri, haukuwa mdomo wake. Miaka mitatu iliyopita makopo ya maziwa ya wajawazito yaliingia katika duka la Jamaldin. Yana picha ya mwanamke kashika tumbo, na nyuma pameandikwa yote yaliyomo. Wasichana waliosoma wakawa wanayageuza na kuyasoma. Kununua walinunua, ila si na picha ile.

"Waniambia, kaka Jamaldin, mtoe huyo mama," anasimulia mwenye duka huku akicheka. "Nikaweka karai la maji hapa chini. Kazi yangu ikawa kurowesha makopo na kubandua picha."

Lakini kopo ni shilingi mia nne na ushei, na kilo ya Kadzo ni sitini. Waliokwisha kusoma nyuma ya kopo wakaanza kumwuliza mchuuzi wao. Wako una madini ya chuma? Na mtoto atapata mifupa? Asiyoyajua aliyapeleka kwa Sista Auma na kurudi na jibu. Siku hizi anauza mifuko kumi na mitano kwa wiki, na wapo wanaomtuma mtoto amwite.

Dirisha la kijani tu ndilo lililobaki limefungwa.

Mwezi wa Juni mwaka huu, Mwanakuu alikuwa tena na mimba, ya miezi sita, baada ya kuingoja miaka yote hiyo. Kliniki walimpima damu wakakuta imepungua mno. Wakampa vidonge, wakamwambia ale. Kila alichokula kilirudi. Bi Mejumaa akanunua kopo kwa Jamaldin, na harufu yake tu ilimtapisha. Kisha asubuhi moja harufu ya mawele yaliyokaangwa ikapenya kutoka jikoni kwa jirani. Mwanakuu akainua kichwa kitandani. "Mama, mimi nataka ile."

Kadzo alikuwa ndiyo kwanza anakata kona kuzungukia nyuma, dirisha likafunguka.

"Kadzo! Wee Kadzo wa unga!"

Kapu nusura limponyoke. Barazani vichwa vikainuka.

"Abee, Bi Mejumaa. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona wapita kando kama paka aliyeiba? Njoo."

"Uliniambia nisipite, mamangu."

"Nilikwambia. Leo nakwambia pita. Mwanangu ana mimba ya miezi sita, damu hana, na chakula hakimkai. Huo unga wauza au wautembeza?"

Alisema kwa sauti ya kufika msikitini. Wanawake wawili wa barazani wakatazamana. Bi Mejumaa akawageukia. "Mshasikia? Basi muombeeni."

Sufuria ya kwanza Kadzo aliipika mwenyewe, kwa tui la nazi na sukari kidogo. Bi Mejumaa alisimama ubavuni pake, akamwuliza polepole kama mtu anayeona haya, "Hautamkuza mno mtoto?"

"Mtoto hajafikiwa na chakula bado, Bi. Tumlishe mama kwanza."

Mwanakuu alikunywa nusu kikombe. Wote watatu wakakaa, beseni karibu, wakingoja urudi. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, ikaisha. Uji haukurudi.

"Niongezeni," akasema Mwanakuu.

Sasa ni mwezi wa nane. Kipimo cha wiki jana kinaonyesha damu imepanda, ingawa Sista Auma bado hajaridhika, na ameagiza Mwanakuu akazalie hospitali, si nyumbani. Kila Jumatatu na Alhamisi Kadzo anapitia mlango wa mbele na kukoroga uji.

"Yule wa kwanza nilimlilia kama wangu," anasema. "Huyu namngoja kama wangu."

Ana ndoto ya kibanda kule Mama Ngina, kando ya bahari, wanakouza mihogo jioni. Anataka benchi refu, ili mwenye tumbo lake akae mbele za watu, anywe uji na kupunga upepo. Lakini kwanza kuna neno la Bi Mejumaa. Mtoto akizaliwa salama, siku ya arobaini Kadzo aje na kapu lake, alitue pale pale chini ya dirisha la kijani, na anadi kama alivyonadi siku ile.

Sauti ya miaka sita imeshika kutu. Kwa hiyo asubuhi, akikaanga mawele chumbani Makupa, Kadzo anafunga mlango na kuijaribu. "Uji wa mama na mwana!" Mumewe Kahindi, kuli wa bandarini, anashtuka kitandani.

"Mke wangu, humu wamuuzia nani?"

"Lala," anamjibu. "Bado hajazaliwa."