Siku Gitaa la Rai Liliposikika

Katika kijiji kizima cha Munje hapakuwa na mpiga gitaa aliyesifiwa kama Rai Shutu, na sababu kubwa ya sifa hizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumsikia. Kumwona walimwona. Alikaa kiti cha mbele arusini, shati jeupe limepigwa pasi, kichwa kimeinama, vidole vinapanda na kushuka shingoni mwa gitaa kama kaa aliyepoteza tundu lake. Lakini nyuma yake alikuwapo Kibwana na ngoma zake mbili, na Kibwana hakuwa akizipiga ngoma zile, alikuwa akizilipiza kisasi. Pembeni alisimama Waziri, mwimbaji na mkubwa wa kikundi, mwenye kifua kama pipa na sauti ya kukijaza. Baina ya hao wawili, gitaa la Rai lilikuwa mtu anayenong'ona sokoni.

"Yule kijana ana mkono," watu walisema wakirudi makwao. Mkono, naam. Sikio halikuhusishwa.

Riziki yake hasa ilitoka kwenye mbata. Alipasua nazi, akazianika, akaziuza, na jioni akalishika gitaa alilouziwa na baharia mmoja wa Mombasa. Mkewe, Esha, aliuza vitumbua karibu na hospitali ya Msambweni, na ndiye mtu pekee aliyeishi karibu na gitaa lile kiasi cha kulisikia. Kwa adabu za ndoa, hakuwahi kusema neno.

Mwaka wa hamsini na saba Waziri alirudi kutoka Mombasa macho yamemtoka. Ameona vikundi vya huko vikipiga magitaa kwa amplifaya: sanduku moja tu, ndani mna vali, vile vitaa vya kioo vinavyowaka kama makaa, na ndani humo humo mna kipaza sauti. Unachomeka waya wa gitaa, basi, mji mzima unakusikia. Na hoteli moja ya Diani ilikuwa inatafuta wapiga muziki wa Jumapili alasiri.

"Tukiwa na sanduku lile," alisema Waziri, "Wazungu wetu, na arusi zote toka Likoni hadi Vanga zetu."

Wakachanga. Waziri na Rai wakapanda basi la alfajiri, wakavuka kivuko cha Likoni, wakaingia duka la redio lenye vioo virefu. Muuzaji alikuwa amevaa tai, kwa hiyo Waziri alimwamini papo hapo.

Duka lilikuwa na amplifaya chache. Moja ilikuwa ndogo, inakoroma kama paka mwenye mafua. Nyingine ilikuwa ya ukubwa wa wastani, ina kitambaa cha kahawia mbele na sura ya kabati la jikoni. Ya tatu ilikuwa kubwa, ina pembe za chuma kinachong'aa, vitufe vyeupe, na taa nyekundu mbele isiyo na kazi ila kuwa nyekundu. Waziri alisimama mbele yake kama mtu anayetazamana na mchumba.

"Naomba kuuliza," alianza Rai, "hii, mahali ambapo..."

"Usituaibishe," Waziri alimnong'oneza.

"Nyinyi mnatoka wapi, mabwana?" aliuliza muuzaji.

Rai alifungua kinywa aseme Munje. Waziri akawahi: "Diani. Mahotelini."

"Ah! Basi hii ndiyo yenu," alisema muuzaji, na hawezi kulaumiwa. Mtu akikwambia anakaa mahotelini, humuulizi kama ana umeme.

Rai alitaka kulijaribu sanduku kwa gitaa, lakini gitaa lilikuwa limeachwa nyumbani kwa amri ya Waziri, ambaye aliona kutembea na gitaa mjini ni ushamba. Wakalilipia, pamoja na kinasa sauti, kidude cha kubandikwa chini ya nyuzi ili mlio uingie sandukuni, wakalibeba wawili, kila mmoja upande wake, wakipumzika kila penye kivuli. Kivukoni askari aliwasimamisha.

"Humo mna nini?"

"Sauti, afande," alisema Waziri.

"Sauti ya nani?"

"Ya huyu," akamwonyesha Rai. Askari alimtazama Rai, aliyekuwa anahema tu, akawaruhusu kupita.

Arusi ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Abdurahman, mtu mcha Mungu aliyeamini kwamba muziki ni haramu katika kila arusi isipokuwa ya binti yake. Alasiri ile uwanja ulijaa. Sanduku likawekwa juu ya meza, likafutwa vumbi kwa leso, watu wakasogea. Waziri akauchukua ule mkia wa waya wenye vijino vitatu, akauinua juu wauone wote. Kisha akaanza kuzunguka nao. Akatazama ukutani. Akatazama chini ya meza. Akatazama mnazi.

"Unatafuta nini, mwanangu?" aliuliza Mzee Abdurahman.

"Tundu, mzee."

"Tundu la nini?"

"La umeme."

"Umeme uko Mombasa," alisema mzee kwa upole. "Juzi si ulikuwa huko? Hukuuona?"

Kikundi kikapiga kama kawaida yake. Kibwana alizipiga ngoma, Waziri aliimba kwa nguvu za mtu anayetaka jambo lisahauliwe, na Rai hakusikika. Lile sanduku lilibaki mezani siku nzima kama mgeni mheshimiwa. Wanawake walilifunika kanga lisipate vumbi. Mzee mmoja asiyeona vizuri alilinyooshea mkono wa salamu. Wakati wa kula, mtu mwenye mzaha aliliwekea sahani ya pilau, na nyama juu.

Waziri hakukata tamaa. Hoteli ya Diani ilikuwa na jenereta. Jumapili iliyofuata wakalipeleka huko. Wazungu walikuwa wamekaa barazani wanakunywa chai na kutazama bahari, kama ilivyo kazi yao. Mkia ukaingia tunduni, taa nyekundu ikawaka, Waziri karibu atoe chozi. Rai akagusa uzi mmoja.

Kitufe cha sauti cha sanduku lile, ikaja kuonekana, kilikuwa na sehemu mbili tu: kimya na kiama. Kikombe kikaanguka. Mbwa wa hoteli akakimbilia ufukwe wa Galu na hakurudi mpaka Jumanne. Memsahibu msimamizi akatoka ofisini ameziba masikio.

"Hapana! Mimi taka muziki ya polepole," alisema. "Mgeni sikia, lakini hapana sikia sana."

Rai akashusha kitufe, sauti ikatoweka kabisa. Akapandisha unywele mmoja, kiama kikarudi. Mambo yakaishia hapo. Lakini memsahibu alilizunguka sanduku mara mbili, akauliza kama linaweza kupaza sauti ya mtu, akaambiwa ndiyo. Akalinunua pale pale. Tangu siku ile liliwaitia wageni chakula, na inasemekana wavuvi wa nje ya mwamba walikuwa wakijua Wazungu wa Diani wanakula samaki au kuku.

Waziri alinuna. Akasema vyombo vya siku hizi havina adabu. Basi Rai alipoamua kurudi Mombasa hakumwita. Alimwita Esha.

"Mimi najua nini cha amplifaya?" aliuliza Esha.

"Hujui, na hutaona haya kuuliza. Waziri alikuwa hajui na akaona haya. Umeona tulikofika."

Safari hii gitaa lilikwenda. Hawakwenda duka la vioo. Walikwenda kwa Fondo, fundi wa redio, mtu mwenye maneno mengi kuliko redio zote alizokuwa akizitengeneza. Kibandani mwake mlikuwa na amplifaya kadhaa zilizokwisha kutumika, na kila moja, kwa maelezo ya Fondo, ilikuwa bora kuliko zote.

"Bwana fundi," alisema Rai, "sisi twatoka Munje. Umeme hatuna."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba na dunia haikupasuka kwa kulitamka jambo hilo. Fondo alizisukuma pembeni zile zenye kung'aa, akavuta sanduku moja lililokwaruzwa, kitambaa chake kimefifia. Nyuma lilikuwa na swichi: ukiigeuza huku linakula betri ya motokaa, ukiigeuza kule linakula umeme wa nyumba.

"Betri litaila upesi?" aliuliza Rai.

"Vali zina njaa, sikufichi. Arusi moja, betri moja. Kesho yake uipeleke ikachajiwe."

Esha alilinyanyua sanduku, akatembea nalo hadi barabarani na kurudi. "Linabebeka," alisema. "Basini litakaa mapajani, tena halitalia kama mtoto. Sasa lipige. Mimi chungu sikinunui bila kukigonga."

Rai akachomeka gitaa. Fondo alikuwa amekwisha kufunga kinasa sauti kingine chini ya nyuzi. Wakasubiri vali zipate moto, zikaanza kuwa nyekundu taratibu. Rai akapiga polepole sana, kipolepole cha memsahibu, na sauti ikatoka laini, ya duara, haikukatika. Akapandisha. Ikajaa kibanda bila kukwaruza. Akapandisha mpaka mwisho, ikaanza kukwama koo kidogo, kama mwimbaji wa siku ya tatu ya arusi, na vijana wa nje wakapiga kelele za furaha.

"Na Kibwana?" alikumbuka Rai. Fondo akachukua karai na nyundo, akaligonga kwa roho yake yote huku Rai anapiga. Gitaa likasikika juu ya karai. Palikuwa na tundu la pili pia, la kusemea Waziri, kama angekubali kuzungumza na sanduku asilolichagua yeye.

"Esha, waonaje?"

Esha alipangusa vumbi juu ya sanduku. "Sauti ya sanduku ni nzuri sana," alisema. Rai aliona furaha na hakupima maneno.

Arusi iliyofuata ilikuwa kijiji cha Bongwe. Habari zilikuwa zimetangulia: leo Rai Shutu atasikika! Watu walikuja hata wasioalikwa, na Bi Mbeyu, mama yake Rai, ambaye masikio yake yalikuwa yamezeeka kabla yake, aliletwa akawekwa kiti mbele ya sanduku. Betri ikafungwa. Vali zikawaka. Kibwana akaanza, Waziri akaingia, na gitaa la Rai, kwa mara ya kwanza tangu alipolinunua, likasikika na kila mtu.

Watu walitabasamu. Kisha tabasamu zikabaki usoni bila kazi. Uzi wa tatu haukuwa umekazwa sawa. Kidole cha pete kilichelewa kila mara, kama mgeni wa mbali. Pale wimbo unapopinda, Rai alikuwa na desturi ya kuzipita nota tatu nne bila kuzigusa, kwa kuwa zilikuwa ngumu na hakuna aliyekuwa akizisikia. Leo zilionekana kutokuwapo, kama meno ya mbele. Kibwana akapunguza ngoma asikilize vizuri, na hiyo ilikuwa khiana kubwa kuliko zote.

"Gitaa limeharibika?" aliuliza mama mmoja.

"La," jirani yake akamjibu. "Ndiyo limetengenezwa."

Waziri akaushika mkono wa Rai wimbo ulipokwisha. "Sema ni sanduku," alimwambia harakaharaka. "Sanduku bovu, fundi ametuibia. Sema hivyo, nami nitakuunga mkono." Alisema kwa huruma ya kweli, na pia kwa furaha ya kweli.

Watu walikuwa tayari kuamini. Nao pia walikuwa na aibu yao: wamemsifu mtu huyu kwa miaka. Bi Mbeyu akamvuta mwanawe shati.

"Mwanangu, ndivyo unavyopiga siku zote?"

Rai akamwinamia sikioni. "Ndivyo, mama."

"Ala! Na mimi nikidhani ni masikio yangu."

Rai akasimama. "Jamani, sanduku ni zima," alisema. "Mbovu ni mimi." Kisha akashusha sauti mpaka gitaa likajificha tena chini ya ngoma, akakaa, akaipiga arusi hadi mwisho. Wenye arusi walikula, wakacheza, bibi arusi akaolewa. Haikuwa arusi yake Rai.

Miezi iliyofuata Munje ilijuta kumjua. Kila alasiri, baada ya kuanika mbata, Rai alichomeka gitaa na kurudia zile nota alizozoea kuziruka. Sanduku halikumhurumia yeye wala majirani. Mwanzoni walilalamika, kisha wakazoea, kisha, jambo baya zaidi, wakajua. "Hapo umekosea tena, Rai!" alipiga ukelele mtu aliye juu ya mnazi. Esha, aliyekuwa akitwanga mchele wa vitumbua, aliimba nota sahihi kwa mdomo uliofungwa, na Rai akaifuata mpaka akaipata. "Kumbe ulikuwa ukijua," alimwambia siku moja. "Nilikuwa mke wako," alijibu Esha, "sikuwa mwalimu wako."

Mwaka uliofuata kikundi kilipiga hotelini kila Jumapili, polepole, Wazungu wakisikia bila kusikia sana. Arusini, Msambweni hadi Vanga, swichi iligeuzwa upande wa betri na sauti ikapandishwa. Waziri alianza kuwaeleza watu jinsi alivyolichagua sanduku lile yeye mwenyewe, kwa jicho lake, na Rai hakumpinga, kwa kuwa mtu anayeimba vizuri lazima apewe kitu cha kusema.

Siku moja akaja kijana kutoka Vanga, anaitwa Mramba, akabisha hodi, akasalimu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeambiwa unazijua amplifaya. Kikundi chetu kinataka kununua. Nimeona moja Mombasa, kubwa, ina taa nyekundu."

Rai akamuuliza mnapiga wapi, umeme upo, nani atalibeba, na mpiga ngoma wenu ana hasira kiasi gani. Mramba alijibu vizuri.

"Na mpiga gitaa wenu, umekwisha kumsikia?"

Kijana akatazama chini. "Mpiga gitaa ni mimi."

"Basi kaa," alisema Rai. Akalivuta sanduku, akafunga betri, akampa gitaa lake. Mramba aligeuza vigingi vya nyuzi kwa muda mrefu, mrefu mno, huku vali zikipata moto, na Esha akaleta vitumbua na chai kwa kuwa ilionekana kazi itachukua alasiri yote.