Darasa Lina Mwenyewe

Nakumbuka siku moja nilitamani kengele ya kutoka ipigwe kabla hata sijaingia darasani. Nilikuwa kijana wakati huo, miguu yangu ilikuwa mizima, si hii unayoiona nimeinyoosha hapa mkekani. Lakini uchovu wa siku ile sijausahau mpaka leo.

Nasikia umeitwa shule ya Gatete kumshikia mwenzako darasa, yeye amejifungua, na kesho unaondoka. Umekuja kuniaga umevaa viatu vipya. Ni vizuri, mwanangu, ila vitakuuma. Kaa kwanza nikusimulie, na ukiona nimenyamaza katikati usidhani nimelala, napumzika tu.

Mimi nilianza ualimu kama unavyoanza wewe, kwa kukaa mahali pa wengine. Kwa Kifaransa cha shule walituita remplaçants, watu wa kujaza nafasi. Mwalimu akiugua, naitwa. Akijifungua, naitwa. Nilipita shule za Kizuka, nikapita Kigwena huko kwenye michikichi, na kila nilipoanza kushika majina ya watoto, mwenyewe alirudi nami nikafunga mzigo wangu. Hakuna aliyenikosea, kazi ndivyo ilivyokuwa. Lakini kuwa mgeni kila mahali kunachosha kuliko kufundisha kwenyewe, na hilo hawakuambii chuoni.

Safari hiyo niliitwa Rumonge mjini, shule ndogo karibu na ziwa. Mwalimu wa mwaka wa tatu, Mwalimu Zubeda, alikuwa amefiwa na mume wake. Wewe unajua sisi Waislamu, mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani kwake ila kwa haja kubwa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shule pale pale, imetengwa na darasa letu kwa ukuta wa matofali na kiuchochoro cha mtu mmoja kupita. Siku ya kwanza nilikwenda kumpa pole, nikamwambia mukomere, kama tunavyowaambia wafiwa huku kwetu, nikaondoka. Sikurudi tena. Nilijiambia kwamba nyumba ya msiba haitaki mguu mwingi. Ukweli ni kwamba kila jioni nilitaka kwenda kulala tu.

Watoto walikuwa wengi, wamebanana kwenye madawati hadi wa mwisho alikalia nusu ya mwili. Wengi wao walikuwa wa familia za Kikristo, hawakujua eda ni kitu gani, na hakuna mtu mzima aliyejisumbua kuwaeleza. Walidhani Mwalimu wao amefukuzwa, na aliyemfukuza ni mimi. Yeye alikuwa Mwalimu. Mimi walikuwa wananiita "yule dada." Nikiandika ubaoni, mkono unanyooshwa nyuma kunijulisha kwamba Mwalimu haandiki hivyo. Nikiwapanga mstari, naambiwa Mwalimu hapangi hivyo. Hawakuwa na ubaya, mwanangu, walikuwa wanamkumbuka. Lakini jaribu kukumbushwa mtu mwingine kutwa nzima, uone kama hutaumwa kichwa.

Na huyo Mwalimu Zubeda alikuwa amewazoesha sauti. Kila kitu chake kilisomwa kwa pamoja, wamesimama, kwa koo lote. Hesabu za kuzidisha walizisoma hivyo, siku za juma hivyo, hata majina ya mito. Mimi niliwaachia wasome asubuhi kidogo, kisha nawanyamazisha, nawapa kazi ya kunakili. Madirisha ya upande wa ukuta nilikuwa nayafunga, maana upepo wa ziwa uliingia na harufu ya ndagala, dagaa wa huku kwetu, walioanikwa na moshi wa mawese yanayochemshwa, na mimi asubuhi sikuwa nakula.

Basi siku hiyo ninayokuambia, niliamka mwili mzima unauma. Nikaingia darasani, sikuwaachia wasome hata mstari mmoja. Niliandika ubao mzima, nikawaambia wanakili, na atakayefungua mdomo atasimama nje. Wakanyamaza. Nikakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu nifike pale.

Direkta, mkuu wa shule yetu, alipita akasimama mlangoni. Alikuwa mtu wa kupenda utulivu, ofisi yake iko chumba cha tatu na kelele zilimkera. Akaniita nje. Akasema tangu nifike darasa hili limekuwa darasa la watu. Akasema Mwalimu Zubeda ni mwalimu mzuri lakini ana fujo, na kwamba akimaliza eda atatafutiwa shule nyingine, huko juu milimani, na mimi nibaki hapa moja kwa moja. Kesho yake alikuwa anakwenda kwenye ofisi ya elimu kulipeleka jambo hilo. Alichotaka kwangu ni neno moja tu, nimpe kabla hajafunga ofisi.

Sitakuficha, nilifurahi. Kuwa na darasa langu. Kupanga chumba nikajua nitalala humo mwaka ujao. Kuacha kujieleza kwa watu wapya kila baada ya miezi michache. Nilirudi ndani nikawatazama wale watoto wameinamisha vichwa, na kwa mara ya kwanza nikawaona kuwa ni wangu. Nikawaongezea kazi ya kunakili, nikaendelea kukaa. Siku nzima hakukusikika sauti humo ndani isipokuwa kalamu na mtu kukohoa.

Kengele ya kutoka ilipolia, watoto wakakimbia, nami nikachukua mkoba wangu niende kwa direkta. Mlangoni nikakutana na Mama Rehema, dada mkubwa wa Mwalimu Zubeda, aliyekuwa akikaa naye katika eda. Alikuwa amejitanda haraka haraka, anahema.

"Mwalimu anauliza," akasema, "batoto beko wazima? Leo hajasikia sauti yao hata kidogo."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba dada yake hukaa uani kila siku, mgongo kwenye ukuta wetu, akisikiliza. Nikamwambia watoto ni wazima, walikuwa wananakili tu. Akasema niende nikamwambie mwenyewe, maana akisema yeye hataaminiwa.

Nikazunguka. Nilimkuta Mwalimu Zubeda amekaa kwenye mkeka chini ya ule ukuta, kanga nyeupe, hana hata hereni. Alikuwa mtu mzima, karibu umri wa mama yangu. Aliniangalia usoni, na kabla sijasema lolote akamwagiza dada yake alete maji na muhogo.

"Kaa kwanza," akasema. "Uko umechoka, inaonekana."

Nilikaa. Nilikunywa yale maji, nikahisi machozi yako karibu, na sikujua ni ya nini. Miezi ile hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nimechoka.

Akaanza kunieleza, taratibu. Alisema wageni wa msiba walikuwa wamekwisha, na watoto wa darasani hawakuja, akadhani wanaogopa nyumba yenye mfiwa. Mchana ulikuwa mrefu. Kilichokuwa kimemshika ni sauti za asubuhi, akizisikia anajua kwamba siku imeanza na yeye bado yumo. Akaniuliza kuhusu Josiane. Alisema wenzake wakimaliza mstari, Josiane hubaki nyuma kidogo, anamalizia peke yake kwa sauti nyembamba, na kwamba mtoto huyo asubiriwe, asiachwe. Mimi Josiane nilimjua kwa sura. Sikuwa nimesikia kwamba anabaki nyuma.

"Leo nimengoja," akasema. "Kimya. Nikawaza labda kuna mutoto amekufa, mumenificha."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, maneno ya direkta, shule ya milimani, na kwamba nilikuwa njiani kwenda kukubali. Nilimwambia pia kwamba nimechoka kuhamahama. Mama Rehema alisimama na sinia mkononi, akanikazia macho. Mwalimu Zubeda hakunikasirikia. Alikaa akikunja pindo la kanga yake na kulikunjua.

"Kiti si yangu, iko ya serikali," akasema mwishowe. "Wakikupa, kaa. Mimi hata kutoka kwenda kujitetea siwezi. Lakini kuchoka kwako, usikuweke mu midomo ya batoto. Wakinyamaza, watanisahau. Nimezika mume tu, binti yangu. Kazi yangu sijaizika."

Alinisogezea muhogo akaniambia nile, nikala.

Nilimkuta direkta anageuza ufunguo mlangoni. Nikamwambia darasa lile lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapo nyuma ya ukuta, atarudi. Aliniuliza kama nimefikiri vizuri, maana eda ikiisha yeye hatakuwa na pa kuniweka. Nikasema nimefikiri. Haikuwa kweli sana. Nilikuwa na muhogo tumboni na aibu kifuani, na ningengoja mpaka asubuhi huenda ningejibu vingine.

Kesho yake nilifungua madirisha yote ya upande wa ukuta. Niliwaeleza watoto eda ni nini, kwamba Mwalimu hakufukuzwa, kwamba yuko pale, hatua chache, na anawasikia. Sijui kama umewahi kuona darasa zima likigeuza shingo kutazama ukuta. Kisha nikawaambia wasimame wasome. Walisoma hadi direkta akatoka ofisini. Josiane alibaki nyuma, nikamsubiri. Kichwa kiliniuma siku hiyo na siku zilizofuata, sikudanganyi, lakini waliacha kuniita yule dada.

Eda ilipokwisha, Mwalimu Zubeda aliingia kwa mlango, asubuhi, kama mtu aliyetoka jana. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kumkabidhi, niliyofundisha na niliyoacha. Alichukua chaki mkononi mwangu, akawatazama.

"Jana mliishia tisa mara sita," akawaambia. "Tuendelee."

Wakasimama wakaendelea. Hakuniuliza tumefika wapi. Nilitoka taratibu, nikashika njia na mzigo wangu, na huko nyuma nikasikia darasa limenyamaza kidogo, wanamsubiri Josiane.

Darasa langu mwenyewe nililipata baada ya miaka mingi, na nilijuta mara nyingi njiani, hasa mvua ikinyesha. Siku hizi ziwa limepanda, ukuta ule umeingia majini pamoja na shule yenyewe. Mwalimu Zubeda amekwisha kwenda mbele ya haki. Mimi nimebaki na magoti haya.

Basi, mwanangu, ninachotaka uende nacho Gatete ni hiki. Ukishika mahali pa mtu, pashike kwa namna ambayo akirudi atapatambua. Mtaje jina lake mbele ya watoto, uwaambie yuko wapi na kwa nini. Njia zake zikikuudhi, zifuate hata hivyo kwa muda wako mfupi. Utachoka, na kuchoka si dhambi, ila utafute wa kumwambia kabla hujawatolea wadogo uchovu huo. Na ukipewa kiti cha mtu ambaye hawezi kutoka kujitetea, nenda kwanza ukakae naye mkekani, mle pamoja, halafu ndipo ujibu. Mimi sikukwenda kwa akili yangu, niliitwa. Wewe nenda bila kuitwa.

Nenda salama. Mungu akupe koo lisilokauka na miguu itakayozoea hivyo viatu. Akupe watoto watakaokukumbuka, na siku ambayo wewe ndiye utakayekuwa nyuma ya ukuta, akupe mtu wa kukufungulia dirisha.