Ushirikiano wa Mwanne

Mwanne hakuwa mtu wa redio. Alikuwa mkaanga sambusa pale mtaani kwetu Jabe, mjane mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili, na redio aliiwasha kwa ajili ya matangazo ya vifo tu. Lakini mwaka ule wa 1996, nchi jirani zilipotufungia mipaka ili wakubwa wetu waliopindua serikali wanyooke, neno moja lilimkaa kooni. Serikali za kanda, alisema mtangazaji, zimeonyesha ushirikiano.

"Ushirikiano gani?" Mwanne akaifokea redio. "Mafuta apana, chumvi apana, sukari apana! Mi najua kushirikiana ni kula mu sahani moja."

Sisi majirani wa uani tulicheka sana. Kicheko kilikatika siku alipokuja Jovithe, mkubwa wa kamati ya usalama ya mtaa, mtu aliyejifunza kuongea kwa kusikiliza hotuba. Alimtaka Spéciose, mpangaji wa Mwanne, atoke kabla ya jioni kwa sababu ya kabila lake. Atoke aende wapi? Kwao kaskazini palikuwa majivu, na njiani vijana walisimama na mapanga. Kumtoa ilikuwa kumuua, na kila mtu pale uani alilijua hilo.

"Mama Mwanne," Jovithe akasema kwa upole wa kiofisi, "kamati inaomba utoe ushirikiano tu. Tuonyeshe mulango yake."

Neno lile lile, jamani! Mwanne akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia chumbani kwa Spéciose, akatoka na godoro kichwani, Spéciose akimfuata nyuma. Jovithe akatabasamu, akidhani mambo yamekwisha. Mwanne akampita, mchana kweupe, akaliingiza godoro nyumbani kwake mwenyewe, akalitandika kando ya kitanda chake. Kisha akarudi akasimama mlangoni, kijiko cha kukaangia mkononi.

"Mulango yake ni hii sasa. Ushirikiano yangu ndiyo hiyo. Anayetaka kupita, apite juu yangu."

Jovithe akatuangalia, akitafuta wa kumuunga mkono. Tuliogopa, sikatai. Lakini tulisogea, mmoja mmoja, upande wa Mwanne. Jovithe akaondoka huku akitishia.

Jioni tulikula mihogo bila chumvi, mikono yote kwenye sahani moja. Spéciose alishindwa kumeza kwa kulia.

"Kula, we," Mwanne akamwambia. "Kesho watarudi, na mi siwezi kusimama mu mulango peke yangu."