Maji Matatu ya Upupu

Mwaka ule wa njaa, baada ya askari wa Mjerumani kuchoma maghala ya mtama na kumchukua mumewe Hamidu akabebe mizigo ya jeshi, Sikudhani alibakiwa na kazi moja tu: maji. Anayedhani kazi moja ni nyepesi hajateremka ukingo wa mlima wa Newala alfajiri kufuata maji bondeni akapanda tena jua likiwa utosini, mtungi kichwani, tumbo tupu. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, bintiye Fatu, ambaye hata nguvu ya kulia ilikuwa imemwisha, na mama mkwe wake, Bi Somoe.

Chakula kilichobaki ni upupu wa porini. Maganda yake yanawasha, lakini hilo ni dogo. Sumu imo ndani ya mbegu. Watu wa huko walijua namna ya kuitoa: unachemsha, unamwaga, unatia maji mapya, mara tatu, kwa kuwa sumu hutoka na maji. Sasa fikiria mwenyewe, mahali ambapo mtu ananawa uso kwa kiganja kimoja, umwage maji ya chungu kizima. Kila alipomwaga, Sikudhani aligeuza uso pembeni.

Ndiyo maana alikuwa bahili wa moto. Alipokuwa msichana, kijijini kwao Mnyambe, aliwahi kuinjika vyungu viwili vya kunde; kimoja akakichochea mpaka kikafoka, cha pili akakiacha kitokote taratibu. Viliiva pamoja, ila kile cha kwanza kilikuwa kimekauka nusu. Akaelewa peke yake, bila kufundishwa na mtu, kwamba maji yakishachemka hayapati moto zaidi hata ukiyachomea msitu. Kuni zote za ziada zinaishia kwenye mvuke, na mvuke unakwenda zake. Kwa hiyo chungu chake kilipochemka alikifunika, akachomoa kuni, akabakiza mbili. Majirani walisema ni mvivu, na yeye hakuwa na nguvu ya kubishana nao.

Siku moja alimwachia Bi Somoe chungu kikiwa kwenye maji ya kwanza.

"Mama, usiongeze kuni. Nikirudi nitamwaga."

"Nimesikia, Mama Fatu. Nenda salama."

Alirudi alasiri. Kifuniko kilikuwa chini, kuni tano zinawaka, na chunguni hamkuwa na maji, bali uji mweusi uliogandia mbegu. Maji yalikuwa yamekwenda na mvuke, sumu ikabaki. Bi Somoe alikuwa ameegemea ukuta, anatapika na kuzungumza na marehemu mumewe kana kwamba amekaa mbele yake. Alikuwa amezionja mbegu, maana desturi yao ilikuwa hiyo: chakula cha njaa huonjwa kwanza na mkubwa wa nyumba, wengine wanangoja mpaka kivuli kigeuke.

"Fatu! Umekula?"

"Bibi amenikataza."

Sikudhani alishukuru Mungu, kisha hasira ikampanda hata akatamani kumpiga mwanamke mzee. Tusimfiche, alitamani kweli. Lakini alimwinua, akamnywesha maji akatapika, akamnywesha tena, akamwosha, mpaka mtungi ukaisha. Mbegu akazifukia mbali ili kuku wa jirani asizidonoe. Fatu alipewa maji ya kunywa, basi.

Jua lilipokuwa linazama, akili za Bi Somoe zilirudi.

"Mama," Sikudhani alimwuliza, sauti kavu, "nilikuambia usiongeze kuni. Kwa nini?"

"Nilidhani moto ukiwa mkali sana, sumu yote itatoka kwa maji ya kwanza. Yale mengine yasihitajike." Akafuta mdomo kwa upindo wa kaniki. "Nilitaka kesho usiende, mwanangu. Ulale japo siku moja."

Ile hasira aliyokuwa ameishikilia tangu alasiri ilimtoka, na hakupata kitu cha kuweka mahali pake. Alilia kwa uchovu mtupu, Bi Somoe akimshika mkono na kumwomba radhi.

Kesho yake akateremka mara mbili, kufidia maji ya mtungi ule.